Mbili ya Mzee Gramu

Jina la Mzee Gramu alibandikwa na watu wa sokoni, tena si kwa mapenzi. Alikuwa fundi wa mizani, na kwake hakukuwa na kosa dogo. Ukimpelekea mizani inayozidisha gramu tano, wewe ukaona si kitu, yeye aliona ni wizi wa mchana kweupe, na alikwambia hivyo hivyo mbele ya wateja wako. Muuza sukari mmoja aliwahi kumnunia mwezi mzima. Baadaye akarudi, maana fundi mwingine wa kuaminika hakuwepo, na mzee akampokea kana kwamba hakuna lililotokea. "Mlete huyo mwizi wako tumwone," alimwambia.

Lakini habari hii, ukiniuliza mimi, ni ya mkewe kuliko yake. Kwa miaka arobaini na moja mama huyu alikaa kwenye meza ndogo nyuma ya mlango wa karakana, daftari mbele yake. Mzee aliweka jiwe la shaba juu ya mizani, akainama, akasoma namba kwa sauti, mama akaandika. Jiwe lile lile liliwekwa na kuondolewa mara tano, na namba zote tano ziliandikwa, hata ziwe mbaya kiasi gani. Mizani nzima husitasita kidogo, mara gramu moja juu, mara gramu moja chini. Ile iliyotoa jibu moja mara zote tano bila kutikisika, mama ndiye aliyeishtukia. Aliinua kichwa na kusema, "Hii imekwama," na mzee, ambaye alibishana na kila mtu duniani, hakubishana naye. Alichukua bisibisi akaifungua tumbo. Ndani alikuta kutu, au unga ulioganda, na siku moja mende wawili waliokufia humo, jambo lililowachekesha wiki nzima.

Mzee alikuwa na miaka sabini na sita alipokwenda kukagua mizani kubwa ya ghala la nafaka, kama alivyofanya kila mwaka. Alikuwa amepiga magoti ukingoni mwa jukwaa la kupakilia mizigo, anachungulia chini ya bamba, lori likarudi nyuma bila dereva kuangalia. Liligonga rundo la magunia, magunia yakamporomokea, naye akaporomoka nayo hadi chini kwenye saruji. Waliomchomoa walidhani wanachomoa maiti. Maiti ikafungua jicho moja ikauliza kama mizani imepona.

Hospitalini daktari hakumung'unya maneno. Aliwaita mama na binti yake kwenye korido, pembeni ya machela alikolazwa mzee, akawahesabia: mbavu sita za upande wa kushoto, mtulinga, nyonga imepata ufa, na paja limevunjika vibaya kiasi cha kuhitaji chuma. Na kichwa kimegongwa, ingawa kwa bahati si sana. Mama alisikiliza hadi kwenye paja. Hapo macho yakaingia kiza, na alipozinduka alikuwa sakafuni, binti yake anampepea kwa bahasha ya picha za mifupa, na muuguzi mmoja anafungua mkanda wa kupimia presha.

"Imepanda mno," muuguzi alisema kwa sauti ya juu. "Mama huyu asipewe tena habari za kushtua, jamani. Tutampoteza kabla ya mgonjwa mwenyewe."

Kila mtu pale alimwangalia mama. Hakuna aliyeangalia machela.

Upasuaji wa paja ulifanyika kesho yake na ukaenda vizuri. Siku tatu mzee alikaa chumba cha wagonjwa mahututi akiwa na mipira kila mahali, kisha akahamishiwa wodi ya wanaume, kitanda cha mwisho karibu na dirisha, chenye pazia la kijani upande mmoja. Binti, ambaye ni mwalimu na hupenda kujua mambo yatakavyokwisha kabla hayajaanza, alimbana daktari mlangoni. Alitaka kujua kama watu wa umri huo hupona.

"Wanapona," daktari alimjibu. "Usimzike baba yako bado. Wanapona polepole kuliko sisi, na njiani kuna mashimo mengi, lakini wanapona. Ninachotaka kwake ni vitu viwili. Avute pumzi kwa nguvu na akohoe. Na atoke kitandani mapema iwezekanavyo."

Vitu viwili tu, na mzee hakufanya hata kimoja.

Si kwamba alikuwa mkorofi. Alikuwa mpole, na upole huo ungetakiwa kumtia mtu wasiwasi, maana haukuwa wake. Alilala chali, ametulia, mikono kifuani, anapumua kwa vipande vidogo vidogo kama mtu anayeonja chai ya moto. Mama alifika kila asubuhi saa tatu na kuondoka jioni. Saa nne sista alipita na karatasi yake, akawauliza wagonjwa wote swali moja: maumivu yako ni ngapi, kuanzia sifuri hadi kumi, sifuri ikiwa huumwi kabisa na kumi ikiwa ni maumivu makubwa kuliko yote. Jirani wa mzee, dereva wa trekta aliyevunjika kifundo cha mguu, alisema kumi na tano na kuomba waongeze karatasi. Mzee Gramu alisema mbili.

"Mbili tu, mzee wangu?"

"Mbili inatosha."

Sista akaandika mbili na kuitundika karatasi miguuni mwa kitanda. Wodi nzima ikamvulia kofia. Binti aliwasimulia walimu wenzake jinsi baba yake alivyojikaza, kaka yake akapiga simu kutoka mbali kumsifu mzee, na dereva wa trekta, kwa aibu, akashuka hadi nane.

Kisha akaja mtaalamu wa mazoezi ya viungo, mama wa makamo mwenye mabega mapana na viatu vya raba, anayeongea kana kwamba wagonjwa wote wako ng'ambo ya mto. Siku ya kwanza alipiga makofi mara mbili na kumwambia mzee akae. Mzee alimtazama juu hadi chini, akamgeukia mkewe, akasema, "Huyu ni Afande." Jina likashika siku hiyo hiyo, na mwenyewe alilifurahia.

Lakini binti alimzuia. "Dada, tafadhali," alisema, "ana mbavu sita zimevunjika. Ni mzee. Mwacheni apumzike."

Na mama naye, na hili alikuja kujilaumu sana, alimuunga mkono binti yake. Aliona aibu mume wake kuburuzwa mbele ya watu akiwa na nguo ya hospitali iliyo wazi mgongoni. Walimlisha kwa kijiko. Walimpangusa uso. Alipotaka kuinua mkono kuchukua kikombe, walikimbilia kikombe. Wageni walipokuja waliambiwa wanong'one. Heshima yote ambayo mtu anaweza kupewa akiwa amelala, mzee yule alipewa, nayo ilimgandamiza kitandani sawasawa na yale magunia.

Siku ya sita wodini homa ikapanda. Siku ya saba alianza kumwambia sista atoe kidole kwenye mizani. Pumzi zilikuwa za haraka, na kifuani, upande wa kushoto, kulisikika sauti ya maji. Daktari alisikiliza kwa muda mrefu, akavua vifaa vyake masikioni, akawaita tena kwenye korido, safari hii akihakikisha mama ameketi.

"Nimonia," alisema. "Mbavu zilizovunjika huwa hivi. Mtu asipovuta pumzi na asipokohoa, uchafu unakaa kwenye mapafu. Dawa tumempa. Lakini dawa peke yake haitoshi kama yeye hakohoi. Na simwelewi. Kwenye karatasi maumivu ni mbili. Mtu mwenye mbili anakohoa. Nahofia amekata tamaa, na hilo sina sindano yake. Siku tatu hizi ndizo zitakazosema."

Binti alilia. Alimpigia kaka yake simu, akamwambia aje kama ana la kumwambia baba. Mama hakulia. Alirudi wodini, akawakuta wamefunga pazia wanambadilisha mzee shuka, akasubiri kwenye miguu ya kitanda. Mbele ya pua yake ilining'inia ile karatasi. Sasa mama huyu, tangu ujana wake, hakuweza kupita mbele ya safu ya namba bila kuisoma. Kalenda, risiti, namba za magari, zote alizisoma. Akasoma.

Mbili. Mbili. Mbili. Asubuhi mbili, mchana mbili, usiku mbili. Siku waliyomgeuza mara tatu kufunga bandeji, mbili. Siku aliyopaliwa na maji akageuka rangi, mbili. Siku saba, bila kutikisika hata mara moja.

Moyo ulimwenda mbio, lakini haukuwa woga. Kilikuwa kitu karibu na hasira.

"Sista," aliita. "Njoo uone. Hii imekwama."

Sista alikuja, akatazama karatasi, hakuona kosa. "Mama, sisi tunaandika anachosema mgonjwa."

"Najua. Na mimi niliandika alichosoma yeye kwa miaka arobaini na moja. Nakwambia hakuna kitu kizima kinachotoa namba moja wiki nzima. Muulize tena. Mimi natoka."

Alitoka kwa kishindo, akamuaga mumewe kwa sauti kwamba anakwenda kununua maji. Kisha akavua viatu, akarudi kwa soksi hadi upande wa pili wa pazia la kijani, akasimama. Dereva wa trekta alimwona na kufumbua mdomo. Mama akaweka kidole mdomoni. Bahati nzuri homa ilikuwa imeshuka kidogo saa ile na mzee alikuwa na akili zake.

"Mzee wangu," sista alisema, "maumivu ni ngapi sasa?"

Pumzi fupi, pumzi fupi.

"Mwenzangu yuko wapi?"

"Ametoka. Amekwenda kununua maji."

"Una hakika?"

"Ametoka, mzee."

"Basi ni tisa," mzee alisema. "Tangu siku ya kwanza ni tisa. Nikivuta pumzi ni kama mtu anapitisha msumeno. Lakini usiiandike hapo. Mwenzangu anasoma namba zote. Ana presha. Siku ile alianguka mbele yangu, nikamsikia mwenzenu akisema atakufa akishtuka. Andika mbili. Nimekuomba, mwanangu. Mimi nimeshakula chumvi nyingi, yeye bado namtaka."

Nyuma ya pazia mama alishika nguzo ya chuma ya kitanda cha dereva wa trekta kwa mikono miwili. Yule mtu ambaye angekosana na soko zima kwa ajili ya gramu moja, alikuwa amesema uongo siku saba, mchana na usiku, hadi mapafu yakajaa maji, na alisema kwa ajili yake. Alimpenda wakati ule kuliko siku aliyoolewa, na alitamani kumzaba kibao. Dereva wa trekta, ambaye hakuwa mtu wa adabu sana kwa kawaida, alisogeza mguu wake mbovu na kumpisha akae pembeni ya kitanda chake, akatazama dirishani ili asimwone akilia.

Alipopata nguvu alivaa viatu na kwenda kumsubiri sista ofisini.

"Nimesikia," alisema. "Sasa nisikilize. Iondoe ile karatasi pale kitandani, muiweke huku kwenu, mwambieni zote zimehamishwa. Ukweli uandikwe. Na saa za kumuuliza mimi sitakuwepo. Asijue kwamba nimejua."

"Lakini mama, presha yako?"

"Presha yangu ninayo mimi. Mponyeni yeye."

Daktari alipoambiwa tisa, alisimama hapo hapo. Mchana ule ule mzee alichomwa sindano ya ganzi kwenye mbavu, na dawa ya maumivu ikapangiwa saa, haikusubiri aombe. Baada ya nusu saa alivuta pumzi moja ndefu, akashtuka mwenyewe, kama mtu aliyesahau kwamba kifua kina ghorofa ya chini. Afande alimpa mto aukumbatie kifuani na kumwambia akohoe. Mzee alikohoa. Alikohoa hadi machozi yakamtoka, na yaliyotoka kifuani sitayaeleza hapa, kwa sababu huenda kuna mtu anakula. Afande aliyatazama kama mtu aliyeletewa zawadi.

Siku tatu zile zikasema vizuri. Ya nne homa ikaondoka. Kaka mtu alipofika na sanduku lake, amevaa uso wa msiba, alimkuta baba yake ameketi ukingoni mwa kitanda anabishana na Afande kuhusu uzito halisi wa ule mto.

Tangu hapo kila siku, saa nne kamili, mama alikwenda kununua maji. Aliyanunua kweli, chupa moja, akakaa kwenye benchi ya korido hadi sista atoke. Sista alipita mbele yake akionyesha vidole: saba. Siku nyingine nane, kisha sita, kisha saba tena, kisha tano. Zilipanda na kushuka, na mama alizipokea kwa moyo mweupe. Hazikumwangusha. Kilichomchosha ni kuingia tena wodini na kuuliza, "Umeamkaje?" na kujibiwa, "Sijambo kabisa," na kusema, "Afadhali," kama mwigizaji wa zamu. Binti aliambiwa siri ile naye akafunga mdomo, ingawa ilimwasha. Hakumzuia Afande tena. Alijifunza kukaa juu ya mikono yake mwenyewe baba alipohangaika na kijiko, na wote tuliowahi kulea tunajua kazi hiyo ilivyo ngumu.

Mzee alisimama kwa mara ya kwanza wiki ya tatu, Afande upande mmoja na fremu ya kutembelea mbele. Alisimama kwa muda wa kuhesabu kumi, akaketi, akalala mchana wote. Wiki ya tano alifika dirishani. Mwezi wa pili ulipokwisha waliruhusiwa kwenda nyumbani, na daktari alimvuta mama pembeni.

"Amevuka kubwa," alimwambia. "Lakini nikwambie ukweli, maana naona wewe unauweza. Wazee wengi tunaowapoteza baada ya ajali za namna hii hatuwapotezi hapa. Tunawaponya, wanakwenda nyumbani, wanalala. Mwaka huu wa kwanza ndio wa kuuangalia. Asilale, mama."

Akalala.

Mwanzoni alijitahidi. Alitoka chumbani hadi sebuleni asubuhi na jioni, fremu ikigonga sakafu. Halafu ikawa asubuhi tu. Halafu akasema chakula kiletwe chumbani, sebuleni kuna upepo. Nyumbani hakukuwa na sista wa kuuliza saa nne, wala pazia, wala benchi. Kulikuwa na wao wawili tu, mchana kutwa, na mama alipouliza aliambiwa sijambo. Chini ya mto mama alikuta vidonge sita vya maumivu, ambavyo mzee alivificha bila kumeza, maana msema sijambo hamezi dawa. Miguu ilianza kuvimba. Mapaja, ambayo yalibeba mawe ya kilo ishirini kwa maisha yote, yakawa membamba kuliko ya mjukuu. Karakana iliyokuwa upande wa pili wa ua, hatua thelathini kutoka mlango wa jikoni, ilikuwa imefungwa kufuli tangu siku ya ajali, na hakuulizia tena ufunguo.

Afande alikuwa akija mara mbili kwa wiki. Siku moja, mwezi wa nne tangu ajali, alitoka chumbani mapema na kusimama na mama mlangoni. Kwa mara ya kwanza alizungumza kwa sauti ya chini.

"Anarudi nyuma, dada yangu. Nikimuuliza anaumwa wapi, ananiambia haumwi popote. Sasa kama haumwi, kwa nini hageuki? Mimi siwezi kumsaidia mtu asiyeumwa. Wiki mbili tatu akiendelea hivi, hatutamwinua tena."

Mama aliosha vyombo vyote vilivyokuwa jikoni, hata visafi. Alimeza kidonge chake cha presha, kwa sababu hakuwa mjinga. Kisha akapiga moyo konde, akaingia chumbani, akakaa ukingoni mwa kitanda. Ilikuwa kama saa tano asubuhi na dirisha lilikuwa wazi.

"Mzee, unaumwa?"

"Kidogo tu."

"Kidogo kiasi gani?"

"Aa, mbili hivi."

"Siku ile sista alipokuuliza ukamwambia tisa," mama alisema, "mimi nilikuwa nyuma ya pazia."

Mzee aligeuza kichwa.

"Si ulikwenda kununua maji?"

"Nilikwenda nikarudi. Kwa soksi."

"Ukasikia."

"Nilisikia tisa. Nikasikia na presha, na kwamba nisiambiwe, na kwamba wewe umekula chumvi nyingi, upumbavu huo. Nilisikia yote, mume wangu. Na sikufa. Miguu ilitetemeka, nikakaa kwenye kitanda cha yule mtu wa trekta, nikalia, nikanyamaza. Jioni nikaenda nyumbani nikafua. Sikufa. Kila siku sista alikuwa ananionyesha vidole na kila siku sikufa."

"Miezi yote hii unajua?"

"Yote."

"Na yale maji?"

"Sikuwa na kiu hata siku moja."

Mzee alicheka. Haikuwa imepangwa, ilimtoka tu, na kicheko kikazifikia mbavu, na kabla hajaweza kukaza uso alisema kwa sauti, "Inauma!"

"Wapi?" mama aliuliza haraka, kabla mzee hajalijutia neno hilo.

Naye akasema. Alianza kwenye mbavu, akashuka nyonga, ambayo alfajiri ilikuwa kama imemwagiwa mchanga. Akasema chuma kilichomo pajani kinajua mvua kabla ya mawingu. Akasema bega halimruhusu kulala upande anaoutaka, upande wa kumwangalia yeye. Alizungumza kwa muda mrefu, kwa mpangilio, kama alivyokuwa akisoma namba karakanani, na mama alikaa akapokea kila moja. Mwisho sauti ikapungua.

"Na naogopa," alisema. "Hiyo sijamwambia hata sista. Nikisimama tu, naona yale magunia yanakuja. Naogopa kuanguka mbele yako, nawe uanguke mbele yangu tena, na safari hii kusiwe na mtu wa kutuokota."

"Mimi pia naogopa," mama alisema. Hakuwahi kumwambia mtu neno hilo, na alishangaa jinsi lilivyokuwa jepesi mdomoni. "Naogopa kila asubuhi kabla sijasikia umekohoa. Nimechoka pia. Nimechoka kuwa hodari, Mzee. Lakini ukilala hapa utakufa, na mimi nitabaki na sijambo zako. Nizifanyie nini?"

Mzee alifunga macho. Machozi yalimtoka pembeni yakaingia masikioni, na hakuyafuta. Mama alimpa kidonge, kimoja kati ya vile sita, akamshikia kikombe, halafu akakumbuka akakiweka mkononi mwake akishike mwenyewe. Wakasubiri nusu saa dawa ifanye kazi. Kisha mama akavuta fremu akaiweka mbele ya magoti yake.

"Simama," alisema. "Nimekushika. Na ikiuma, usinifichie. Piga kelele."

Alisimama. Iliuma, naye akapiga kelele, kelele kubwa ya mtu mzima, ambayo nyumba ile haikuwahi kuisikia. Kwenye hatua ya kwanza akapiga kelele nyingine. Hatua ya pili akaulaani mguu, lori, ghala, na mtu aliyebuni ngazi ya mlango wa jikoni. Mama alikuwa nyuma yake, mikono miwili kiunoni mwake, moyo unadunda kwa nguvu, unadunda tu na kuendelea. Wakavuka sebule. Wakavuka jikoni. Walipotokeza uani, yeye jasho linamtiririka na bado anapiga kelele, jirani alichungulia juu ya ukuta, povu la sabuni mikononi, macho yamemtoka.

"Jamani, kuna nini huko? Niite watu?"

"Usiite mtu," mama alimjibu. "Ni mume wangu anatembea."